Gari Lisiponepa: Mpira wa Kusaidia Springi na Mzigo Usioonekana

Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki mzigo wa pikapu hauhesabiwi kwa kilo bali kwa magunia, na gunia lenyewe, hasa lile lililovalishwa kilemba cha kamba mpaka likawa lumbesa, haliwezi kuitwa kipimo. Mizani ya dereva imebaki kuwa jicho lake: husimama kando ya gari, hutazama jinsi sehemu ya nyuma ilivyoshuka juu ya ekseli na jinsi boneti ilivyoinuka, kisha huamua kama nafasi ya magunia mawili zaidi ipo au haipo. Mizani hiyo ni duni, lakini ina sifa ambayo mizani nyingi za sokoni hazina, nayo ni kwamba haichezewi kwa urahisi, kwa sababu springi ya chuma hunepa kwa kadiri ya uzito uliowekwa juu yake bila kujali mwenye mzigo amesema ni kilo ngapi. Ni vyema kuyakumbuka mazingira haya wakati wa kukijadili kifaa kidogo kinachozidi kufungwa chini ya magari ya mizigo, yaani mpira wa kusaidia springi, ambao husifiwa kwa ahadi mbili: kwamba gari halitanepa likipakiwa, na kwamba halitakuwa gumu likiwa tupu. Ahadi ya pili ni ya kweli zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo limo katika ile ya kwanza, ambayo hutimia vizuri mno.

Kifaa chenyewe ni donge la mpira mnene, mara nyingi lenye uwazi ndani na umbo la pipa moja au la mapipa mawili yaliyobebana, ambalo hufungwa kwa bolti chini ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na injini, mahali palepale ambapo kiwandani huwekwa raba fupi ya kuzuia ekseli isigonge chesisi gari linapodidimia kupita kiasi. Gari likiwa tupu, donge hilo huitazama ekseli kwa umbali wa sentimita chache bila kuigusa. Gari likipakiwa, chesisi hushuka, pengo hufungika, na kuanzia hapo kila kilo inayoongezwa hugawanywa kati ya springi ya chuma na mpira. Hakuna hewa ya kujaza wala mrija wa kupasuka, na fundi mwenye jeki na spana huweza kuimaliza kazi katika muda mfupi bila kuchoma wala kutoboa chuma. Usahili huo umekifanya kipendwe na wenye pikapu wa Amerika Kaskazini, ambao huvuta trela za farasi na boti, au hufunga mbele ya magari yao sepeto kubwa za kusukumia theluji, mzigo ambao hukaa miezi michache kwa mwaka na kisha kuondolewa, hivyo kwamba springi inayoufaa wakati wa baridi haifai tena majira ya joto yakifika.

Kinachotokea baada ya pengo kufungika hakieleweki bila kanuni ambayo Robert Hooke aliichapisha Uingereza mwaka 1678, kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ileile ya nguvu inayoielemea: uzito ukiongezwa mara mbili, mnepo nao huwa mara mbili. Uwiano kati ya uzito na mnepo ndio unaoitwa ugumu wa springi. Springi za majani, zile zilizoundwa kwa mabamba ya feleji yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, huifuata kanuni hiyo kwa ukaribu unaotosha kwa hesabu ya hapa. Ichukuliwe pikapu ya mfano ambayo springi zake mbili za nyuma, zikijumlishwa, zina ugumu wa kilo 6 kwa kila milimita moja, na ambayo ikiwa tupu huzibebesha kilo 500. Kabla ya gunia la kwanza kupanda, springi hizo zitakuwa zimekwisha kunepa milimita 83. Tani moja ikiwekwa juu ya ekseli ya nyuma, zitatakiwa kunepa milimita 167 nyingine, na nafasi ya namna hiyo ni pikapu chache zinazoweza kuitoa. Kabla mzigo haujatimia, ekseli itakuwa imefika kwenye raba ya kizuizi, na tangu hapo gari halina tena springi kwa maana halisi ya neno, bali lina chuma kilichokalia raba ngumu, ambacho kila tuta hukigeuza kuwa nyundo.

Dawa iliyozoeleka ni kuongeza ugumu wa chuma. Springi za mfano huu zikifanywa ziwe na kilo 12 kwa milimita, tani ileile itazishusha milimita 83 tu, na dereva ataridhika mpaka atakaposhusha mzigo na kuanza safari ya kurudi, kwa maana gari la mizigo, tofauti na linavyochorwa kwenye matangazo, hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likiwa tupu au nusu tupu. Kila kitu kinachokaa juu ya springi kina mwendo wake wa kupanda na kushuka, na idadi ya mizunguko ya mwendo huo kwa sekunde moja, ambayo wataalamu huiita marudio ya asili na kuipima kwa hezi, hutegemea uwiano kati ya ugumu wa springi na uzito unaobebwa. Pikapu ya mfano ikiwa tupu na springi zake za awali hunesa mara 1.7 kwa sekunde. Ikiongezewa ugumu maradufu hufika 2.4, ikiwa na tani moja juu ya springi laini, na kama nafasi ya kunepa ingekuwepo, ingeshuka hadi 1.0. Gari dogo la abiria linalosifiwa kwa utulivu huwa kati ya 1 na 1.5. Mwili wa binadamu, kwa upande wake, huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini ulio kati ya hezi 4 na 8, kwa sababu tumbo na uti wa mgongo huitikia mwendo huo na kuukuza, na viwango vya kimataifa vya kupima mtikisiko vimejengwa juu ya ukweli huo. Kila jani linaloongezwa husogeza gari tupu kuelekea huko, na anayelipa ni mgongo wa dereva na wa utingo wake.

Kwa hiyo springi bora kwa gari la mizigo ingekuwa ile ambayo ugumu wake hukua pamoja na mzigo, ikawa laini penye kilo 500 na ngumu penye kilo 1,500, ili mneso ubaki uleule gari likiwa tupu au limejaa. Chuma peke yake hakiwezi kazi hiyo bila hila za ziada, kama ile ya malori mengi kuwekewa fungu la pili la majani lisilofanya kazi mpaka fungu la kwanza linepe na kuligusa. Mpira huiweza kwa tabia yake ya asili. Utomvu unaogemwa katika mti wa mpira ukishachanganywa na salfa na kupashwa moto, njia ambayo Thomas Hancock aliiandikishia hataza Uingereza mwaka 1843 na Charles Goodyear nchini Marekani mwaka 1844, nyuzi ndefu za molekuli zake hufungamana kiasi cha kuweza kuvutika na kurudi bila kuachana; na ukiongezewa masizi, hupata ukakamavu na ustahimilivu wa kukwaruzwa. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba mpira, ingawa hubadilika umbo kwa urahisi, karibu haupungui ujazo hata kidogo: ukibonywa juu, hutanuka pembeni. Donge lenye uwazi ndani likianza kuelemewa, kuta zake hupinda kwa wepesi na kutoka nje. Likizidi kuelemewa, kuta hukunjana, hukutana, na uwazi huisha, hivyo kila milimita inayofuata hudai nguvu kubwa kuliko iliyotangulia. Mchoro wa nguvu na mnepo, ambao kwa chuma ni mstari ulionyooka, kwa mpira ni mpindo unaopanda kama mlima unaozidi kuwa mkali kadiri kilele kinavyokaribia.

Mfano wa awali unaweza sasa kukamilishwa. Ikiwa pengo kati ya mpira na ekseli ni milimita 40, kilo 240 za kwanza za mzigo zitabebwa na chuma peke yake, kisha mpira utaingia kazini. Ikiwa mipira miwili ya pikapu hiyo imechaguliwa ili gari lisimame baada ya kushuka milimita 90, chuma kitakuwa kimebeba kilo 540 za mzigo na mpira kilo 460. Ugumu wa jumla mahali hapo, kwa mpira ambao mpindo wake umeshaanza kupanda kwa kasi, unaweza kuwa kilo 21 kwa milimita, yaani mara tatu na nusu ya chuma pekee, na marudio ya mneso yakawa hezi 1.9. Tupu 1.7, na tani moja 1.9: hiyo ndiyo fadhila halisi ya kifaa hiki, na ni fadhila ambayo jani la ziada haliwezi kuitoa hata likifuliwa na fundi hodari kiasi gani.

Wazo la kuutumia mpira kwa sababu hiyo lina ukoo mrefu. Gari dogo la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa Uingereza mwaka 1959, halikuwa na springi za chuma bali koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton, mjukuu wa ukoo uliokuwa umeendesha kiwanda cha mpira katika mji wa Bradford-on-Avon tangu karne ya 19. Sababu ilikuwa ileile ya pikapu ya magunia. Mini ilikuwa na uzito wa takriban kilo 600, hivyo watu wazima wanne na mizigo yao walikuwa karibu nusu ya gari zima, na springi ya chuma iliyofaa dereva peke yake ingelala chini pindi familia ikiingia. Gari dogo la jijini na lori la kubeba mchanga, yanayoonekana kutokuwa na uhusiano wowote, yana ugonjwa mmoja: tofauti kubwa kati ya uzito wake yakiwa tupu na yakiwa yamejaa. Ndiyo maana malori mazito ya ujenzi huko Amerika Kaskazini nayo yana matoleo ambayo springi zake kuu, si za kusaidia tu, ni madonge ya mpira.

Katika gereji za Afrika ya Mashariki mshindani wa mpira ni jani la ziada, na hapana budi kumtendea haki mshindani huyo. Jani hupatikana kirahisi, aghalabu kutoka kwenye lori lililokufa. Hukatwa, hupashwa moto, hupindwa upya, hufungwa kwa bolti ya katikati na yuboliti, na gari huondoka. Kasoro yake haiko katika ugumu pekee. Majani ya springi husuguana kila yanaponepa, na msuguano huo, ambao kwa tuta kubwa husaidia kuzima mrukoruko, kwa kishimo kidogo huyafanya yagandamane yasiteleze kabisa, hivyo springi hugeuka kwa muda kuwa gogo moja la chuma na kupeleka mgongano wote kwenye bodi. Majani yakizidi, mashiko hayo nayo huzidi. Jani lililopashwa moto bila kupozwa kwa utaratibu unaorudisha ukakamavu wake hulala baada ya miezi michache, na lililopozwa kwa pupa huvunjika. Mpira hauna msuguano wa namna hiyo; mitetemo midogo ya haraka huimeza, na sehemu ya nguvu inayoingia ndani yake wakati wa kubonyezwa hairudi bali hugeuka kuwa joto. Fundi anayeulizwa kati ya hayo mawili, ikiwa gari litarudi tupu, angepaswa kuchagua mpira bila kusita.

Uzuri huo wote, hata hivyo, umo ndani ya pengo. Mnunuzi akichagua mpira mrefu kupita kiasi kwa kuamini kwamba mkubwa ni bora, au akiongeza kipande cha chuma chini yake ili sehemu ya nyuma isimame juu zaidi, mpira utaigusa ekseli wakati gari likiwa tupu, na ugumu wake utaongezeka kwa chuma kuanzia kilo ya kwanza. Gari litarukaruka kwenye rasta kama mkokoteni, na lawama itabandikwa kwa mpira wakati kosa ni la kipimo. Pikapu zenye springi zilizochoka huingia katika kosa hilo bila mwenyewe kujua, kwa sababu majani yake yamekwisha kulala na pengo limeliwa na umri. Kwa gari la namna hiyo mpira haufai kufungwa kabla springi hazijarudishwa katika kimo chake, ingawa ni katika hali hiyohiyo ndipo wengi hukimbilia kuununua, kama mgonjwa anayenunua mkongojo badala ya kuunga mguu.

Kuna mwandani wa springi ambaye husahaulika katika biashara hii, naye ni shokomzoba, yaani bomba lenye mafuta ambalo kazi yake si kubeba uzito bali kuuzima mneso baada ya springi kuuanzisha. Uwezo wake hupimwa kwa kulinganishwa na ugumu wa springi na uzito uliopo juu yake kwa pamoja, na katika mfano uliotolewa uzito umeongezeka mara tatu na ugumu mara tatu na nusu, hivyo shokomzoba iliyolitosha gari tupu ina theluthi moja tu ya nguvu inayohitajika kulituliza gari lililojaa. Joto linalopotelea ndani ya mpira hufidia kidogo, lakini halifidii lote, na tena mpira husukuma tu bila kuvuta: ekseli inapoanguka shimoni huachana nao, kisha hurudi na kuugonga. Gari lenye mipira mipya na shokomzoba za zamani huonekana limenyooka barabarani huku likiendelea kupanda na kushuka mara tatu au nne baada ya kila tuta. Kwenye barabara ya changarawe iliyojaa vigongo vidogo vilivyofuatana, mpira hauna la kusema sana; gari likienda kilomita 50 kwa saa juu ya vigongo vilivyoachana kwa mita moja, magurudumu hupigwa mara 14 kila sekunde, karibu na kasi ambayo ekseli yenyewe hupenda kurukia, na hapo wenye kauli ni tairi, upepo uliomo ndani yake, na shokomzoba.

Barabara nayo ina masilahi katika jambo hili. Jumuiya ya Ulaya, ilipoeleza mwaka 1992 ni springi za aina gani zingehesabiwa kuwa sawa na zile za hewa katika kutoidhuru lami, iliweka masharti kwamba mneso usizidi hezi 2.0 na kwamba uzimaji wake usipungue asilimia 20 ya kiasi kinachoweza kuuzuia mneso kabisa. Pikapu ya mfano, kama ingepimwa kwa kanuni hiyo iliyokusudiwa malori, ingelipita sharti la kwanza kwa shida na kuanguka katika la pili. Sababu ya masharti ya namna hii ilionekana tangu majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa mfululizo juu ya barabara zilizojengwa kwa ajili ya kuharibiwa, na ikadhihirika kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye tani 12 badala ya 10 huila barabara si kwa tano moja zaidi bali zaidi ya maradufu, na hakuna mpira, jani wala hewa inayobadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa uzito unaofika chini ni uleule.

Hapa ndipo linapoingia lile lililodokezwa mwanzoni. Mpira wa kusaidia springi huinua kimo cha gari, na katika macho ya mtu kimo ni uwezo. Lakini kiwango cha uzito ambacho mtengenezaji amekiandika kwenye kibati cha mlangoni hakitokani na springi peke yake. Kinatokana na kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote kati ya springi, ekseli, beringi za magurudumu, tairi, breki na chesisi, na mpira umeimarisha kimoja tu. Pikapu iliyokuwa ikilalia vizuizi ikiwa na tani moja na robo sasa itasimama wima ikiwa na tani hiyohiyo, tairi zake zikiungua na beringi zake zikilia, huku jicho la dereva, lililokuwa mizani yake, likimwambia kwamba bado kuna nafasi. Springi ya zamani ilikuwa mtumishi aliyenung'unika hadharani. Mpya imefundishwa kunyamaza.

Jicho la dereva si kifaa pekee kinachodanganyika. Pikapu nyingi zilizoko barabarani, zikiwemo Toyota Hilux za matoleo kadhaa, zina vali ya kugawa presha ya breki, ambayo hukaa juu ya chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Chesisi ikishuka karibu na ekseli, vali hutambua kwamba kuna mzigo na kuruhusu presha kubwa iende kwenye breki za nyuma. Chesisi ikiwa juu, hudhani gari ni tupu na kuibana presha hiyo ili magurudumu ya nyuma yasigande na kuteleza. Vali haipimi uzito, inapima umbali. Mpira ukizuia chesisi isishuke, gari lenye tani moja huonekana kwa vali kama gari lenye nusu tani, breki za nyuma hufanya kazi nusunusu, na za mbele hubebeshwa kazi yote, jambo ambalo kwenye tambarare huenda lisigundulike kamwe lakini kwenye mteremko wa Kitonga huanza kunuka kabla ya kona ya tatu. Marekebisho ya fimbo hiyo ni kazi ndogo kwa fundi anayeijua, na katika magari ya karibuni, ambayo mgawanyo wa breki hufanywa na kompyuta kwa kusoma mwendo wa magurudumu, tatizo hilo halipo. Ni ajabu kwamba mazungumzo kuhusu mipira hii yamejaa habari za starehe na kimo, na fimbo hiyo haitajwi.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba gari lililosawazishwa kwa mpira limerudishiwa uzito wa mbele, hivyo usukani utashika vizuri kama zamani. Mgawanyo wa uzito kati ya ekseli mbili huamuliwa na mahali mzigo ulipo, kwa kanuni ya wenzo, si na ulalo wa bodi. Kilo 200 zilizoning'inia mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita tatu, huondoa karibu kilo 67 kwenye magurudumu ya mbele, na huziondoa hata kama bodi imenyooka kama meza. Kinachorudi ni mwelekeo wa taa, ambao si jambo dogo kwa wanaokutana na gari hilo usiku. Kinachobaki kimepotea ni mshiko wa tairi za usukani. Anayeutaka uzito huo lazima asogeze magunia mbele.

Chesisi nayo hupokea nguvu kwa namna mpya. Springi ya majani huikabidhi mzigo wake katika ncha mbili zilizoachana kwa zaidi ya mita, ilhali mpira husukuma mahali pamoja, katikati, juu ya ekseli. Australia, ambako pikapu za kabini mbili hutumika kuvuta karavani nzito kwenye barabara za vumbi, mjadala mkali umekuwepo kwa miaka mingi kuhusu chesisi zilizopinda nyuma ya kabini, na mifuko ya hewa iliyofungwa kati ya ekseli na chesisi ili kuinua kimo imekuwa miongoni mwa watuhumiwa wakuu. Mpira una utetezi zaidi kidogo kuliko mfuko wa hewa, kwa kuwa hukaa mahali ambapo mtengenezaji alitarajia kupigwa na ekseli mara mojamoja. Hata hivyo kupigwa mara mojamoja si sawa na kukaliwa safari nzima kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam. Kuhusu mfuko wa hewa wenyewe, yatosha kusema kwamba hurekebishika zaidi ya mpira na huharibika zaidi ya mpira, na kwamba mwiba mmoja huumaliza.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi pacha, na mizani za Vigwaza au Mariakani huusoma uzito pale tairi linapokanyaga, hivyo lori lenye mipira na lisilo nayo ni mamoja kwake. Lakini sheria hiyo inahusu magari yanayozidi tani 3.5, na pikapu ya magunia hupita nje ya mizani hizo ikiachwa kwa askari wa barabarani, ambaye naye hana kipimo kingine ila kutazama kama gari limekaa chini. Hivyo mpira huwapofusha wote watatu, dereva, vali na askari, katika tabaka lilelile la magari ambalo halina mizani ya kulisahihisha.

Upofu huo unaweza kutibiwa na mpira wenyewe, kwa kuwa donge linalobonyea kwa kufuata mpindo maalumu ni kipimo cha uzito kama ilivyo springi, ila kimejificha chini ya gari. Mwenye pikapu anaweza kuipandisha mara moja juu ya mizani ya ghala la nafaka au ya kiwanda, ikiwa tupu, kisha na nusu ya mzigo, kisha na mzigo kamili unaoruhusiwa na kibati, na kila mara akapima kwa rula ya chuma umbali kati ya chesisi na ekseli. Katika pikapu ya mfano angegundua kwamba mpira unapoigusa tu ekseli kuna kilo 240, na kwamba baada ya hapo milimita 50 zimebeba kilo 760 zilizosalia, tofauti ambayo jicho lililosimama kando ya gari haliwezi kuiona lakini rula huiona vizuri. Vipimo vitatu vilivyoandikwa kwa rangi upande wa ndani wa mlango vinatosha. Kwa kuwa mpira hulegea taratibu ukikaa muda mrefu chini ya uzito, huvimba ukidondokewa na mafuta ya difu, na hupasuka uso kwa jua na hewa, vipimo hivyo vinafaa kurudiwa kila mwaka, na virudiwe asubuhi, kabla mpira haujapata joto la safari.